Baba Akibadilishwa Anaenda Kazini, Mama Anabaki Jikoni

Mwaka wa kwanza bwenini chumba kizima tulikuwa na laptop moja, na kila Ijumaa usiku tulibanana watu tisa kuangalia filamu. Ndipo nilipozijua zile komedi za Wamarekani za watu kubadilishana miili. Nilicheka, sikatai. Ila juzi nimezirudia kadhaa baada ya kutoka mazoezi ya kufundisha, na kicheko kimepungua.

Chukua Freaky Friday ya 1976. Mama na binti wanabadilishana miili Ijumaa ya tarehe 13. Binti, akiwa ndani ya mwili wa mama, anakutana na mashine ya kufulia, mafundi wanaoingia na kutoka, halafu mume anamwambia apike chakula cha wageni 25 siku hiyohiyo. Sasa weka pembeni yake Like Father Like Son ya 1987 na Vice Versa ya 1988. Hizo ni za baba na mtoto wa kiume. Mtoto akiamka ndani ya mwili wa baba anakwenda wapi? Kazini! Baba mmoja ni daktari wa upasuaji, mwingine ni bosi kwenye duka kubwa la Chicago. Nani atafua? Hakuna anayeuliza.

Nikubali kwamba ile ya 1976 inamcheka baba mwenyewe, na ya 2003 imempa mama kazi ya saikolojia na binti gitaa. Hapo kuna hatua. Lakini mwaka mmoja tu kabla yake ilitoka The Hot Chick, msichana wa shule na mwizi wa kiume wanabadilishana, na karibu filamu nzima tunamtazama mwanaume mzima akijibinua kama binti. Yaani kuwa msichana ndio kichekesho chenyewe.

Na uchawi unatoka wapi? Vice Versa, fuvu kutoka Thailand. Freaky Friday ya 2003, biskuti za mgahawa wa Wachina. The Hot Chick, heleni za Uhabeshi, majirani zetu kabisa. Wenye uchawi wanaleta kifaa, basi, hadithi inabaki ya familia ya Wazungu. Kuna Watermelon Man ya 1970, yake Melvin Van Peebles, ambamo Mzungu anaamka akiwa mtu mweusi, lakini hiyo hata haikuwa kubadilishana. Hakuna mtu mweusi aliyeamka Mzungu upande wa pili.

Sasa kilichonirudisha huku. Kule shuleni nilikofundisha niliwapa kidato cha pili insha: umeamka ukiwa ndani ya mwili wa kaka au dada yako, eleza siku nzima. Wavulana waliandika nusu ukurasa. Wamechota maji, wamepika, wamesonga ugali ukaungua, kisha wakakwama, wakaniuliza kama ni lazima kujaza ukurasa. Wasichana waliomba karatasi za ziada. Mpira, kukaa kijiweni, kurudi nyumbani saa mbili usiku bila kuulizwa umetoka wapi. Mmoja hakwenda popote. Aliandika kwamba angerudi shule, angekula, halafu angesoma mpaka alale. Nilimpa alama za juu, nikajisikia vibaya, maana asubuhi ile yeye na wenzake watatu ndio waliofagia ofisi ya walimu na kuniletea chai, nami nikainywa bila kuwaza lolote.

Tusijifanye chuo ni tofauti. Kwenye kundi letu la semina dada ndiye mwandishi tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ati mwandiko wake mzuri, na anayesimama kuwasilisha ni mimi. Kazi yenyewe tunachapa kwenye kompyuta.

Wiki hii nimeomba tubadilishane. Yeye amekubali haraka sana. Wenzangu wa kiume wameniuliza kama nimegombana naye.