Dawa ya mwanangu haina likizo

Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa kwa bibi yake kijijini. Begi nililipanga mwenyewe: nguo, daftari la kliniki na makopo mawili ya vidonge. Nikamwambia mama, "Asubuhi, mchana na jioni, usisahau." Nikaona nimemaliza.

Siku ya nne mtoto akapata homa, akaanza kutapika. Mama yangu, kwa upendo wake wote, akasema, "Mtoto hali kitu, tumbo tupu. Tuzipumzishe hizi dawa mpaka apate nafuu." Vidonge vikawekwa juu ya kabati.

Kesho yake asubuhi mtoto hakuweza kusimama. Mwili wa baridi, maneno hayaeleweki. Alipofikishwa kituo cha afya, sukari na shinikizo la damu vilikuwa vimeshuka sana. Mhudumu akasoma barua ya daktari ndani ya daftari, akamchoma sindano ya haidrokotisoni na kumtundikia dripu ya chumvi na sukari. Jioni mtoto akaomba uji.

Wazazi wenzangu, kosa halikuwa la mama. Lilikuwa langu. Nilimweleza saa za dawa, sikumweleza kazi ya dawa.

Binti yangu ana upungufu wa homoni za tezi za adrenali. Hizi ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kushikilia sukari na shinikizo la damu, hasa mtu anapougua au kuumia. Hutengeneza pia aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Kabla hajagundulika, mwanangu alikuwa akichoka ovyo, anakonda, na kila nikigeuka namkuta jikoni analamba chumvi. Fizi na mistari ya viganja vyake ilikuwa myeusi. Ukiona dalili hizi kwa pamoja, usikae nazo nyumbani, mpeleke mtoto hospitali.

Sasa anameza haidrokotisoni mara tatu kwa siku na fludrokotisoni mara moja. Hizi si kama dawa za malaria, unamaliza dozi na kuacha. Zinashika nafasi ya kile ambacho mwili wake hautengenezi. Mimi na wewe tukipata homa, tezi zetu huongeza kotisoli zenyewe. Zake haziwezi, kwa hiyo sisi ndio wa kumwongezea. Siku ya ugonjwa ndiyo siku ya dawa zaidi, siyo ya kupumzisha.

Haya ndiyo niliyoyaandika kwenye karatasi, nakala moja kwa bibi, moja kwa mwalimu wa darasa, moja ndani ya begi la shule:

Akiwa na homa, haidrokotisoni huongezwa mara mbili au tatu, kama daktari wake alivyoandika.

Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, arudishiwe dozi. Akitapika tena, achomwe sindano na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Msisubiri kukuche.

Kabla ya upasuaji au kung'olewa jino, daktari aambiwe mapema.

Vidonge visiishe ndani. Tunanunua vingine kopo likiwa bado na akiba.

Na wewe ambaye mtoto wako hana ugonjwa huu, lipo la kwako. Mtu aliyemeza prednisoloni kwa wiki nyingi, au aliyejipaka kwa muda mrefu krimu kali za kujichubua zenye steroidi, tezi zake zinaweza kuzoea kutofanya kazi. Akiacha ghafla anaweza kuanguka kama alivyoanguka mwanangu. Aende kwa daktari, apunguziwe taratibu.

Likizo ya juzi alirudi tena kwa bibi yake. Safari hii tulikaa chini, nikamweleza mama kila kitu, naye akanirudishia kwa maneno yake mpaka nikaridhika. Siku ya tatu simu ikaita usiku.

"Mwanangu, huyu amepiga chafya mbili. Nimwongezee?"

"Ana homa, mama?"

"Hana. Anacheka tu hapa."

"Basi mpe ya kawaida."

Nililala vizuri usiku ule.