Kutoka Kericho hadi Nuwara Eliya
Mkulima wa Kericho au Bomet anayepanga kuizunguka Sri Lanka kwa gari hatakuwa mgeni kamili, kwa kuwa huko pia magari hupita kushoto na chai, iliyoanza kulimwa kibiashara mwaka 1867, huchumwa vilevile, majani mawili na chipukizi. Kinachodai hesabu ni mvua: kusi, yaani upepo wa kusini ambao ukivuka ikweta hugeuka kuvuma kutoka kusini-magharibi, huilowesha milima ya magharibi kuanzia Mei hadi Septemba, kwa hiyo Nuwara Eliya, mji wa chai ulio karibu mita 1,900 (Kericho iko juu zaidi), hufaa kati ya Januari na Machi, na barabara zake za kona, zenye mabasi yasiyopunguza mwendo, hupimwa kwa saa, si kilomita.