Kumbukumbu Hazilipi Marejesho!

Kijana unayeuza mitumba Kariakoo, hebu jiulize: jina hilo limetoka wapi? Ni ‘Carrier Corps’, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, wengi wakafa kwa maradhi na njaa. Kila siku unatembea juu ya jina lao. Nani alikuambia?

Wazee wanaoijua mitaa yetu wanazikwa mmoja mmoja, hakuna aliyekaa nao na daftari.

Utaambiwa halmashauri ina fedha. Kweli. Tangu 2018 sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba hakuna. Lakini ni mkopo! Bodaboda italipa. Je, masimulizi ya bibi yako yatalipa marejesho?

Hatuombi mamilioni. Posho ya semina moja ya wakubwa inatosha kununua kinasa sauti, madaftari na chai ya wazee. Tunataka ruzuku ndogo, siyo mkopo, na ibandikwe ubaoni nani kapewa na kafanya nini, isigeuke ulaji wa wateule.

Mkutano ujao wa mtaa usikae kijiweni. Nenda, nyoosha mkono, uliza. Asiyejua jina la soko lake atauziwa chochote.