MATUMBO YA SAMAKI SI TAKATAKA

Leo nina neno na walimu wetu wa sayansi, wasinikasirikie.

Mwaka 2004 Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha utafiti wao. Waliwalisha bakteria makapi ya mkonge peke yake, taka za samaki peke yake, kisha wakachanganya. Mchanganyiko ukatoa gesi ya methani zaidi kwa asilimia 59 hadi 94! Mkonge una kaboni nyingi, samaki ana nitrojeni. Ni kama ugali mkavu uliopata kitoweo. Ila bakteria hao oksijeni huwaua, kwa hivyo pipa lazima lizibwe kabisa.

Sasa jamani, sisi samaki tunao. Matumbo yake tunatupa, paka wanagombania. Nyumbani mama yangu anapuliza kuni mpaka macho mekundu, na mikoko ya hapa Jomvu Kuu inazidi kukatwa. Mkonge uko mbali, Vipingo, lakini maganda ya muhogo na maembe si tunayo? Bakteria wenyewe wamo katika kinyesi cha ng'ombe, bure.

Darasani tunaandikiwa fomula ubaoni, tunakariri, basi. Mimi naomba pipa moja tu nyuma ya maabara, tujaribu wenyewe. Wengine watasema eti litanuka. Choo cha wavulana kinanuka kila siku, na hakijawahi kutupikia chai.