MDUDU WA LINCOLN NA HAKI YA WASIO NA SAUTI

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kutuona leo tumeacha habari za watu tukashika habari za mdudu. Mdudu mwenyewe ni mbawakawa, urefu wake nusu inchi, rangi yake ya kahawia iliyochanganyika na kijani kilichokolea, naye yuko mbali nasi, huko Nebraska, katikati ya Marekani, ambako bahari haionekani wala haisikiki. Twamwomba msomaji asicheke mpaka tufike mwisho, kwani jambo lililompata mdudu huyu laweza kumpata kila asiye na wa kumsemea.

Pembezoni mwa mji wa Lincoln yako maji ya chumvi yapandayo kutoka chini ya miamba. Yakikauka huacha ukoko mweupe juu ya matope, kama ule tuuonao sisi watu wa pwani nyuma ya mikoko, bamvua likishapita. Wenyeji wa kale wa nchi ile walikwenda huko kujitwalia chumvi, na walowezi waliokuja katika karne ya 19 walitumaini kutajirika kwayo. Utajiri ule haukuja; mji ukaja, na mwaka 1867 ukafanywa makao makuu ya Nebraska.

Mbawakawa huyu haishi mahali pengine popote duniani ila katika vinamasi hivyo vya chumvi. Jike hutaga mayai katika matope yaliyo wazi, kandokando ya vijito. Buu akitoka huchimba shimo la wima, akajishikiza humo kwa kulabu zilizo mgongoni mwake, kichwa akakiweka mlangoni kama bawabu. Mdudu mwingine akipita, humnyakua. Kwa ukali huo wa kuwinda Wamarekani wamempa jina la chuimilia. Hukaa shimoni kiasi cha miaka 2, kisha hutoka na mbawa zake, akaishi wiki chache za kiangazi, basi. Miaka 2 yote hiyo mahali pale pakiharibika, buu hana pa kukimbilia.

Na tutazame basi yaliyotendeka. Vinamasi hivyo zamani vilikuwa zaidi ya eka 20,000. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi zimepotea au zimeharibiwa. Kijito cha Salt Creek kilinyooshwa ili kuzuia gharika. Maji yakaenda mbio, yakachimba kitako cha kijito, na vinamasi vya kando vikanyonywa maji. Barabara zikapita, majumba yakasimama. Maji ya mvua yakamiminika kutoka mapaani na njiani, yakaipunguza chumvi na kuleta tope, na majani yakaota palipokuwa peupe. Hata taa za usiku zina dhambi yake, maana humvuta mdudu akaacha mahali pake pa kutaga. Huko Capitol Beach, alikokuwako zamani, leo hayuko.

Hakuna mtu aliyeketi akaamua kwamba mdudu huyu afe. Huyu alitaka nyumba, yule alitaka barabara, wa tatu aliogopa gharika, na kila mmoja alikuwa na sababu yake njema. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia hukimaliza kibaba, na aliyechota mara ya mwisho hukana kuwa ndiye aliyekimaliza.

Sheria ilikuja, lakini ilikuja jioni. Nebraska ilimwandika mdudu huyu miongoni mwa viumbe walio hatarini mwaka 2000, na Serikali kuu ya Marekani ikafuata mwaka 2005. Mwaka 2010 zilitajwa eka 1,933 kuwa makazi yake ya lazima. Mwaka 2014 zikapunguzwa zikawa 1,110. Hivyo ndivyo mambo yawavyo: asiyeweza kusimama barazani kujitetea, fungu lake ndilo hupunguzwa kwanza.

Wapo wasemao: mdudu asiyeliwa, asiyeuzwa, wala asiyebeba mzigo, ana haki gani mbele ya mtu anayetaka kujenga? Sisi twawajibu hivi. Kinamasi kilichomlea mdudu ndicho hicho kilichoyapokea maji ya gharika na kuwalisha ndege. Mwenye kukifukia ameondoa ngao yake mwenyewe, kisha anashangaa anapopigwa. Tena, kimekwisha kuonekana kwamba kukirudisha ni kazi nzito: leo huvutwa kwa mashine, kwa gharama, maji ya chumvi yaliyokuwa yakipanda yenyewe bure.

Hatusemi mkulima anyang'anywe shamba lake. Tangu mwaka 2003 mji wa Lincoln na wenziwe wameshirikiana kuilinda ardhi iliyobaki, na kuinunua kwa wenyewe wenye kuridhika kuuza. Hiyo ndiyo njia ya haki. Twazisifu pia bustani za wanyama za Omaha na Lincoln, ambazo zimewalea mabuu na kuwarudisha vinamasini. Lakini faida gani kumlea mtoto ugenini, na huku nyumba ya kurudi inabomolewa?

Rai yetu ni hii. Eka zilizobaki zisiguswe tena. Maji ya mji yaongozwe kwingine, taa za karibu zifunikwe, na atakaye kujenga atafute ardhi isiyo na chumvi, nayo huko ni nyingi mno. Mwenye mji mzima hapungukiwi na kitu kwa kumwachia mdudu ukingo wa kijito.

Mdharau mwiba guu huota tende. Taifa likizoea kusema "ni mdudu tu", kesho litasema "ni kijiji tu", na kesho kutwa "ni watu wachache tu". Ulimi ni ule ule. Aliyebadilika ni yule anayesemwa.