Wino mwekundu ubaki katika kaye, usiingie katika buletini

Ninyi wazazi mliokimbia vijiji vyenu, watoto mgongoni na karatasi zimefungwa ndani ya kitenge, leo naomba tuongee juu ya kitu kidogo: wino mwekundu.

Mwalimu mmoja, rafiki yangu hapa Goma, alinipa chupa ya wino huo pamoja na kalamu ya kujaza, ile yenye ulimi wa chuma. Akaniambia, "Jaribu, utaona raha yake." Nikajaribu. Kweli, kalamu inateleza bila kukandamiza mkono. Rangi inang'aa, na sahihisho linaonekana mara moja juu ya maandishi ya biki ya bluu. Kwa mwalimu mwenye rundo la kaye za kusahihisha kila jioni, hiyo si faida ndogo.

Lakini nilikuwa na neno moyoni. Siku chache mbele ya hapo, nilisimama kwenye ofisi ya shule moja wakati mama mmoja aliyehamishwa na vita alipokuja kumwandikisha binti yake darasa la sita. Buletini yake ilikuwa imelowa mvua njiani. Jina lilisomeka. Pointi za masomo zilisomeka pia, maana ziliandikwa kwa biki. Lakini asilimia na uamuzi wa mwisho, ambavyo mwalimu alikuwa amevipamba kwa wino mwekundu, vilikuwa doa tu.

"Mama, hapa sioni asilimia, naona rangi tu," alisema yule wa mezani.

Na sisi wote tunajua jambo moja: katika buletini zetu za Kongo, nyekundu ni pointi zilizo chini ya nusu. Kwa hiyo doa lile lilisomwa kama kuanguka. Mstari wa watu ulikuwa mrefu, hakuna aliyekaa kujumlisha pointi upya. Binti akarudishwa darasa la tano. Mpaka leo anakaa pale, anasoma mambo aliyokwisha kuyasoma.

Ndiyo sababu sikuishia kuufurahia wino wa rafiki yangu. Niliandika sentensi moja kwenye karatasi tatu za kaye. Mbili niliandika kwa wino ule, ya tatu kwa biki nyekundu ya kawaida. Karatasi moja ya wino niliiweka dirishani penye jua. Ile nyingine, pamoja na ile ya biki, nilizidondoshea maji kama zinavyodondoka kwenye turubai lililotoboka.

Wino haukungoja. Herufi zilifumuka, zikawa maji ya waridi, yakapita mpaka upande wa pili. Maandishi ya biki yalilowa, lakini yalisomeka. Ile karatasi ya dirishani, baada ya wiki mbili, ilikuwa imefifia kama kitenge kilichosahauliwa kwenye kamba.

Si kwamba rafiki yangu alidanganywa dukani. Wino wa kalamu ya kujaza kwa kawaida ni maji yenye rangi iliyoyeyuka ndani yake, ili upite kwenye njia nyembamba ya ulimi bila kuziba. Kilichoyeyuka kwa maji, maji yatakirudia. Rangi moja ya zamani ya wino mwekundu ni eosini, ambayo haivumilii mwanga. Biki ni kitu kingine: wino wake ni mzito, una mafuta, unashika karatasi.

Basi maoni yangu ni haya. Walimu, wino huu utumieni kwa masahihisho. Kaye ni ya leo na kesho. Buletini ni ya miaka, na kwa mtoto aliyekimbia ndiyo shahidi pekee anayemsindikiza. Kama kanuni inadai nyekundu, kuna biki nyekundu. Na asilimia iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, ili moja ikifutika nyingine ibaki.

Wakurugenzi wa shule, mtoto akija na karatasi iliyoharibika, doa lisiwe hukumu. Jumlisheni pointi zinazosomeka. Kama hazisomeki, mpeni jaribio la hesabu na la kusoma, asubuhi moja inatosha. Nitajibiwa kwamba madarasa yamejaa na walimu wamechoka. Ni kweli, nimeyaona madarasa hayo. Lakini mtoto anayerudia mwaka bila sababu naye anakalia nafasi ya mwingine, na mzazi wake analipa kaye na sare mara mbili kwa darasa lilelile.

Nanyi wazazi, siku mnapopokea buletini, lowesha kidole, gusa pembeni kabisa mwa herufi moja. Rangi ikihamia kidoleni, mwombe mwalimu kwa heshima aandike upya kwa biki palepale, kabla hajaenda likizo. Kisha ipigeni picha kwa simu, hata ya jirani, na muifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Chupa ile bado iko mezani kwangu, na rafiki yangu nimemwambia ukweli: wino wake ni mzuri. Ila jina na matokeo ya mtoto wa mtu sitayaandika nao.