Kijana, unajitumainia mpaka wapi?

Kijana mpenzi, ukiulizwa utakuwa nani kesho, unajibu mbio: munganga, enjeniere, mwalimu. Ni vizuri, lakini hilo ni jina la kazi tu. Dunia iko na shida kubwa: mayi yanachafuka, mvua inabadilika, magonjwa yanavuka mipaka. Je, unajiona unaweza kutumika juu ya shida hizo? Na tutapima namna gani?

Albert Bandura, aliyefundisha saikolojia kwa Stanford, Marekani, aliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1977. Alionyesha kama haifai kumuuliza mutu kama anajitumainia kwa jumla. Umuulize juu ya kazi moja moja, toka nyepesi mpaka nguvu, ajipe pointi toka 0 (siwezi hata kidogo) mpaka 100 (naweza kabisa). Na umuulize anaweza nini leo, si kesho. Mwaka wa 2018, mitihani ya PISA iliuliza watoto wa miaka 15 wa inchi nyingi vilevile: unaweza kueleza sababu gani watu wanakuwa wakimbizi?

Basi, jipime. Kobalti ya inchi yetu inaingia mu batri za simu na motokari za dunia nzima, lakini kuosha madini kunaweza kuchafua muto. Ujipe pointi:

1. Naweza kumweleza mudogo wangu hatari ya mayi hayo.
2. Naweza kupima asidi ya mayi na karatasi inayogeuka rangi.
3. Naweza kuandika mapimo ya mwezi muzima na kuyaeleza mbele ya wakubwa wa mtaa.

Ukipata 80, kisha 20, usiseme "mimi ni bure". Mara nyingi 20 ni kazi ambayo haujaijaribu bado. Na ukijipa 100, uonyeshe kwa mikono, maana pointi hizi zinapima mawazo yako, si ufundi wako.

Wazazi, sifa peke yake haitoshi. Bandura alifundisha kama kujitumainia kunakomaa zaidi mutu akitumika mwenyewe na kushinda. Kisha akiona mwenzake anashinda. Kisha akitiwa moyo. Binti akijipa 20 na kaka yake 70, tazameni kwanza: mu lupango lenu, nani anapewa chombo mukononi, na nani anatumwa kuchota mayi?

Kisha miezi mitatu, mupime tena.